Toleo la Tatu la Ubao Wetu

Kwa miaka minne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumba ya mama yangu kule Riruta ilikuwa na simu ambayo watu waliipigia ili wasome. Waya wake ulipita nyuma ya kabati la vyombo ukaingia kwenye modemu, na modemu ikaunganishwa na kompyuta niliyokuwa nikiifunika kwa kitambaa cha kochi ili vumbi la Naivasha Road lisiimalize. Mtu mwenye kompyuta na modemu kwake alipiga namba yetu, mashine mbili zikapigiana mluzi, halafu kwenye kioo chake zikatokea barua, matangazo na maswali yaliyoachwa na waliopiga kabla yake. Alisoma, akaandika lake, akakata. Ndipo mwingine akapata nafasi. Tuliuita Ubao.

"Hii simu ni ya watu ama ni ya mashine?" mama aliniuliza kila mara dada zake walipolalamika kwamba wamepiga tangu asubuhi na laini iko bize.

Programu yenyewe tuliiandika wawili, mimi na mtu niliyemwita Maalim. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mitano. Alizaliwa Mombasa, akaja Nairobi kuwa karani wa stoo kwenye duka la jumla la vitambaa, Mtaa wa Biashara. Jioni alifundisha watoto Kurani, na hapo ndipo jina lilipotoka. Mambo ya kompyuta alijifunza peke yake kwenye mashine ya dukani, wenzake wakienda kula. Tulikutana River Road, kwenye kibanda cha vifaa vilivyotumika. Ilikuwapo modemu moja tu, na sote wawili tulikuwa tumeishika.

"Una laini ya simu nyumbani?" aliniuliza.

"Iko. Ilikuwa ya marehemu baba."

"Basi ichukue wewe. Mimi nitakuja na kichwa."

Na kweli alikuja na kichwa. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya bima, nikijua programu za kutosha kujigamba nazo tu. Yeye aliijua lugha ya mashine kama anavyojua mtu njia ya kwao. Kila Jumamosi mchana, ofisi zikishafungwa, tulikaa kwenye mkahawa mmoja nyuma ya Moi Avenue, tukaagiza chai ya tangawizi na mahamri, nikafungua kaunta buku. Yeye alisema, mimi niliandika. Wapigaji walikuwa wakituachia maombi kwenye Ubao wenyewe: huyu anataka barua zipangwe kwa tarehe, yule anataka nafasi ya kutangaza vitu vya kuuza. Tulichoweza kukifanya tulikiweka chini ya kichwa "Toleo la Tatu". Tulichoshindwa kukubaliana, au tulichokiona kidogo mno, nilikiandika ukurasa wa nyuma, chini ya maneno "Toleo Lijalo".

Tulibishana sana, lakini kwa raha. Nilipotaka kitufe cha kufunga kiandikwe "Toka", aliweka kikombe chini.

"Toka anaambiwa mbuzi. Watu huagwa, mdogo wangu. Andika Kwaheri."

Nikaandika Kwaheri.

Kati ya wapigaji wetu alikuwamo mwalimu mstaafu wa Lavington, mama aliyefundisha shule za msingi karibu maisha yake yote. Miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Wanawe walikuwa ng'ambo, na mmoja alikuwa amemnunulia kompyuta ili asiwe mpweke. Aliutumia Ubao kuwatafuta wanafunzi wake wa zamani. Kila barua yake ilianza, "Je, kuna anayemjua...", kisha jina, shule, na kitu kidogo alichokumbuka kuhusu mtoto huyo: aliyeandika kwa mkono wa kushoto, aliyekuwa akilala somo la hesabu. Alikuwa amewapata wawili.

Siku moja alituandikia sisi mafundi. Aliomba herufi ziwe kubwa. "Macho yangu yameamua kuzeeka kunizidi," alisema. Nililisoma ombi lake mkahawani, nikatabasamu, nikaligeuzia ukurasa wa nyuma. Baada ya miezi miwili aliomba tena. Baadaye akaomba mara ya tatu, kwa adabu ile ile, kana kwamba hajawahi kuomba.

Mimi wakati huo nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Mjini saiba, vyumba vya kukodi intaneti, zilikuwa zikifunguliwa kila kona, watu wakiingia humo na kutuma barua hadi Ulaya. Wapigaji wetu walikuwa wakipungua. Nilitaka Toleo la Tatu liunganishe Ubao na intaneti, barua zetu nazo zitoke nje. Nilikuwa nimelichora jambo hilo kurasa kumi na mbili, kwa mishale na visanduku.

"Tuanze na herufi," Maalim alisema Jumamosi moja.

"Herufi ni kitu ya siku mbili, Maalim. Tutaiweka tu. Hii nyingine ndiyo itatuokoa."

"Kama ni ya siku mbili, mbona imekaa kitabuni miezi sita?"

Nilicheka. Hakucheka.

"Tena si yule mama peke yake anayezihitaji," akasema.

"Nani mwingine?"

Alikiinua kikombe, akanywa polepole. "Wapo," akajibu. Nami nikarudi kwenye mishale yangu.

Nikikumbuka sasa, kila kitu kilikuwa mbele yangu. Tangu mwanzo wa mwaka ule alikuwa ameacha kusahihisha programu kwenye kioo. Alinitaka nimsomee mistari kwa sauti, akisema kosa analisikia haraka kuliko anavyoliona, na mimi niliwasimulia watu ofisini jambo hilo kama ajabu ya akili yake. Alikosa sikio la kikombe na kulitafuta kwa vidole. Tukivuka Moi Avenue alinishika mkono wa shati na kusema magari ya Nairobi hayana adabu. Nilikuwa nikitembea na mtu anayepofuka, nikadhani anaogopa magari.

Jumamosi moja hakuja. Iliyofuata hakuja pia. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda dukani kwao. Mwanamke aliyekuwa akipima kitambaa kwenye kaunta alinitazama kwa mshangao.

"Kwani hujui? Aliachishwa kazi. Alikuwa anachanganya namba za marobota, tatu anaona nane. Mzigo wa Nakuru ulienda Machakos, mara mbili." Akashusha sauti. "Ni macho. Sisi tulikuwa tunamsomea lebo, tajiri wetu akiwa hayupo, lakini hatungeweza kila siku."

Maalim alikuwa amepanga chumba kimoja Ngara. Nilimkuta ameketi kitandani, akikunja kanzu na kuzipanga kwenye sanduku kwa kupapasa mishono. Aliujua mlio wa viatu vyangu kabla sijabisha.

"Karibu, mdogo wangu. Kiti kiko hapo, ukiondoa vitabu."

Nilikaa. Aliniambia yote bila kuulizwa: daktari alikuwa amemwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki kinaweza kuchungwa kwa dawa, labda. Alikuwa akirudi Mombasa kwa dada yake mwisho wa juma.

"Mbona hukuniambia?"

Mikono yake ilisimama juu ya kanzu. "Nilikuambia. Nilisema tuanze na herufi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekumbusha siku ya mkutano, kisha akaendelea kukunja. Mimi nilikaa pale nikivitazama vitabu vya programu nilivyokuwa nimevishika mapajani. Nilimsaidia kufunga sanduku. Siku ya safari nilimpeleka hadi kwenye basi, na tuliongea habari za hali ya hewa.

Niliomba likizo kazini. Herufi kubwa zilinichukua siku moja na nusu.

Zilikuwa kwenye ile programu ndogo ambayo kila mpigaji alipewa kwa disketi, kwa hiyo ilibidi kila kompyuta iwekewe upya. Disketi ya kwanza niliituma Mombasa kwa basi. Ya pili niliibeba mwenyewe hadi Lavington, kwa miguu kutoka Dagoretti Corner, kwa sababu nilihitaji muda wa kufikiri nitamwambia nini yule mwalimu.

"Sasa, unaona nani?" mlinzi aliniuliza kupitia tundu la geti.

"Mwalimu. Mwambie ni fundi wa Ubao."

Nilimkuta sebuleni, mwanamke mdogo wa umbo, shali mabegani, kompyuta mbele yake juu ya meza ya kulia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe mafundi wenyewe ni watoto," akasema. Niliweka disketi, nikapiga namba ya nyumbani kwetu, mluzi ukalia, na maneno yakatokea makubwa, mistari michache tu kwenye kioo kizima. Akaifunika midomo kwa kiganja.

"Ngoja. Ngoja nisome mwenyewe."

Alianza na barua zake za zamani. Aliniambia kwamba kwa muda mrefu alikuwa akizisoma fupi tu, zile ndefu zilimchanganya macho akaziruka. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma mtoto wa darasa la pili. Alisoma moja, akacheka. Akafungua nyingine, na katikati yake kidole kikasimama.

Ilikuwa ya miezi minne nyuma. Ilitoka kwa mmoja wa wale aliokuwa akiwatafuta, yule wa mkono wa kushoto. Aliandika kwamba anaishi ng'ambo, amekuja Nairobi kumzika babake, na anatumia kompyuta ya rafiki. "Nipo wiki hii tu, Mwalimu. Nikipata neno lako nitakuja kukuamkia. Nisipopata nitajua umechoka, sitakusumbua."

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliisoma kimya.

"Atakuwa alidhani sikutaka kumwona," akasema.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba ombi lake lilikaa kwenye kitabu changu, kwamba lilikuwa kazi ya siku moja na nusu, kwamba niliona lingine kubwa zaidi. Alinisikiliza akitazama kioo. Nilitarajia anikemee, na ningeshukuru.

"Nionyeshe jinsi ya kumjibu," alisema mwishowe.

Alimwandikia barua ndefu. Ilikaa kwenye Ubao hadi mwisho, na kando yake kompyuta iliandika kila siku neno lile lile: haijasomwa.

Juma lililofuata Maalim alinipigia kwa simu ya mpwa wake. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi.

"Disketi imefika," alisema. "Kijana amenisomea. Anasema herufi ni kubwa kama za kibao cha duka."

"Na wewe? Unaziona?"

"Naona mwanga unabadilika pale zinapopita. Umefanya kazi nzuri. Hiyo nasema kweli."

Ile kazi ya intaneti sikuimaliza. Bila yeye, zile kurasa kumi na mbili zilikuwa michoro tu. Mwaka uliofuata wezi walikata nyaya za simu kandokando ya barabara na mtaa wetu ukakaa majuma bila laini. Iliporudi, watu walikuwa wamezoea saiba. Mwalimu wa Lavington aliendelea kupiga, mara moja kwa siku, karibu peke yake, mpaka bintiye alipokuja kumchukua akaishi naye huko nje. Nilisubiri mwezi mmoja baada ya hapo. Kisha nikazima kompyuta, na mama akaanza kupokea simu za dada zake tena.

Maalim alikuja Nairobi mara moja zaidi, kuonwa na daktari mwingine, ambaye alimwambia yale yale. Mpwa wake alimleta mkahawani akatuacha. Alikuwa amekonda, amevaa miwani myeusi, akiongoza kijiko kwa kidole kimoja. Alitaka nimsomee yaliyobaki kitabuni, tuone Toleo la Nne litakuwaje. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilisoma, akasema hiki kiondoe, hiki kitangulie, hapa weka sauti, mashine iwasomee wasioona. Niliandika yote. Tulikaa karibu saa mbili.

Nilipokuwa namrudisha kwenye basi, amenishika kiwiko, nilishindwa kuendelea kumficha.

"Maalim, Ubao nimeufunga. Ni miezi mitatu sasa."

"Najua," alisema. "Nilimwambia kijana apige namba. Akapokea mama yako. Tukaamkiana, akaniuliza habari za bahari."

"Basi mbona umeacha nisome kitabu kizima?"

Alitembea hatua kadhaa, akipapasa ukingo wa njia kwa kiatu.

"Huko nyumbani wananihurumia siku nzima," akasema. "Nilitaka kubishana kidogo."

Alifariki mwaka uliofuata, si kwa macho, kwa moyo. Mpwa wake alinipigia alasiri, na walikuwa wamekwisha kumzika asubuhi ile. Nilikuwa kazini. Niliweka simu mezani, nikamaliza faili niliyokuwa nayo kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, kisha nikashuka ngazi nikasimama kwenye Moi Avenue, magari yakipita, nikakaa muda mrefu kabla ya kuvuka.