Mukhtari wa Nyumba Saba

Mimi niliacha shule darasa la saba, na leo, huku ughaibuni, nina magari manne ya kupeleka wagonjwa hospitali, kuanzia Fridley mpaka Lakeville. Wenye digrii zao wananifanyia kazi. Miaka yote hiyo sijawahi kumshusha abiria mahali asipotaka, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja imeniharibia usingizi.

Alikuwa mzee Mkurdi, anakaa kwa binti yake hapo Fridley. Figo zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka mwenyewe kwenye mashine ya kusafisha damu, maana madereva wangu walilalamika kwamba anaongea sana. Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokoteza, tukaelewana vizuri. Aliniita kaka, kumbe hata kwao ni neno la heshima.

Huko kwao milimani alikuwa mukhtari, mkuu wa kijiji. Nikamwambia hao nawajua, kwetu tuna machifu.

"Chifu wenu anachaguliwa na nani?"

"Serikali."

"Basi huyo ni askari. Mimi nilichaguliwa na majirani."

Kazi yake ilikuwa kuandikisha waliozaliwa na waliokufa, kugonga muhuri karatasi za ndoa, kuamua nani amwagilie shamba kwanza, na kumlisha kila afisa aliyepanda mlima.

"Kwenu mko wangapi?" akaniuliza.

"Wengi sana."

"Wengi si hesabu, kaka. Hata mbuzi ni wengi. Nyumba ngapi?"

Sikujua. Nikamwonyesha kwenye simu ghorofa niliyojenga kijijini, ya pekee yenye vigae vyekundu.

"Analala nani humo?"

"Mlinzi."

"Basi mlinzi ana nyumba nzuri."

Baridi ilipokolea, mpwa wake, ambaye ndiye mukhtari sasa, alipiga simu. Watu wa wilaya wanakuja kuhesabu. Wasipokuta nyumba saba zenye wenyewe, kijiji kinawekwa chini ya kile cha bondeni, ambacho wamegombania nacho maji tangu enzi za babu zao. Nyumba sita zilikuwa na watu. Ya saba ilikuwa yake, ina kufuli.

"Tiketi ninayo," akaniambia garini. "Binti yangu hataki kusikia. Wewe nifikishe uwanja wa ndege tu."

"Na mashine je, mzee?"

"Iko mjini, mbali. Nataka siku nne tu. Wanione mlangoni, waandike, basi."

Mdomo wangu huu! Nikajipiga kifua: "Mimi sijawahi kushindwa na safari. Nitakufikisha."

Siku yenyewe alitoka amevaa suti, bila begi, ili binti asishtuke. Nikashika barabara ya kusini. Alikuwa akiimba. Nikamtazama kwenye kioo, nikaona viatu havikufungwa kamba kwa jinsi miguu ilivyovimba. Nikimshusha uwanjani, namwua. Nisipomshusha, nakiua kijiji. Nikatoka barabara kuu, nikageuza gari.

Alipoliona jengo la mashine, wimbo ukakatika. Nilingoja matusi. Nilitamani hata anipige.

"Askari," akasema, akashuka mwenyewe.

Wilaya walihesabu nyumba sita. Muhuri ukachukuliwa, ukateremshwa bondeni. Binti alinipigia simu kunishukuru: "Umemwokoa baba yangu." Nikaipokea shukrani hiyo kama mtu aliyepokea mali ya wizi.

Wiki iliyofuata mzee alikataa kutoka kitandani. Safari ya kwanza nikamwacha. Ya pili nikaingia mpaka chumbani, nikapiga magoti kwenye zulia, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu goti katika nchi hii.

"Mzee, twende. Gari lina joto tayari."

"Peleka wengine, kaka."

"Tafadhali. Nitakununulia tiketi nyingine. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka huko."

"Huko wapi?" Alikuwa ametazama ukuta. "Nikifa, jina langu litaandikwa na watu wa bondeni. Hata baba yangu hawakumjua."

Binti yake akaanza kumvalisha soksi kwa nguvu huku analia. Nami nikaushika mguu wa pili. Ulikuwa mzito, wa baridi. Akauvuta akauficha chini ya blanketi.