Mstari Nilioufupisha

Jumanne asubuhi nilikuwa mtaa wa Njoro nikimsubiri fundi amalize kushona kiatu changu, simu ikaniletea habari kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi, wa huko juu mlimani kwenye migomba, amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina kawaida ya kukosa maneno. Siku hiyo niliyakosa, maana yule mama nilimkosea, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijiambia nitakwenda kumwomba radhi wiki ijayo.

Tulikutana kwenye kamati ya kupunguza muhtasari wa somo la sayansi kwa shule za msingi. Kazi yenyewe ilikuwa njema: muhtasari ulikuwa umenenepa mno, walimu wanakimbizana nao na hawaumalizi. Mimi nilikuwa katibu, na ile kalamu ilinivimbisha kichwa. Mwalimu akaja na chupa mbili za maziwa na laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ambacho wanunuzi hutumia kuwakamata wanaotia maji. Akakitumbukiza, kwenye chupa ya pili, aliyoitia maji, kikazama zaidi. "Wanangu darasani wanapima maziwa ya kwao wenyewe," alisema. "Kuna mmoja alimuumbua mpaka bibi yake." Tukacheka. Kisha nikasoma mstari wangu: palipokuwa na "mwanafunzi apime" nimeweka "mwanafunzi aeleze", kwa kuwa kueleza hakuhitaji vifaa wala muda. "Mwanangu," akaniambia, "ukiandika hivyo, hakuna atakayepima tena." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Shikamoo mwalimu, lakini hapa hatuuzi maziwa." Chakula cha mchana kilishaanza kunukia. Mstari ukapita, naye akafunga chupa zake.

Aibu ilinifuata mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto hapa mjini. Binti yangu wa darasa la sita alinikariria maana ya densiti, uzito wa kitu kwa ujazo wake, jambo lile lile laktomita inalopima, bila kukosea hata nukta. Asubuhi moja nikamuuliza kama maziwa tuliyoletewa yametiwa maji. Akanishangaa. "Sasa baba, nitajuaje? Mwalimu hajatuambia."

Siku ya mazishi nilichuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea huwezi kumnyima msamaha, nikampelekea mume wa marehemu. "Shikamoo meku. Nilimkosea mwalimu," nikamwambia, nikimwita mzee kwa Kichagga, nikamweleza yote. Mzee alilitazama jani, mkono hakuunyoosha. "Alinisimulia," akasema. "Lakini mimi nilishamaliza shule, baba. Wapelekee watoto."

Nimerudi nalo mjini. Basi wazazi na walimu, msiilaumu kamati. Mstari ule ni wangu. Anayepunguza somo anatakiwa kwanza ajue kipi hakiguswi, nami nilianza kupunguza hapo hapo. Nimeomba nafasi Jumatatu ijayo darasani kwa binti yangu, niende na chupa mbili za maziwa na laktomita ya kuazima. Nitawaambia watoto nilichowanyima, kisha nitakaa nyuma wapime wenyewe. Jani limeshanyauka, ila nitakwenda nalo.