Kimondo na Mpandaji Wake

Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu, walinikalisha karibu na bakuli la hina iliyokorogwa kwa ndimu. Wenzangu walisikia harufu ya bibi harusi. Mimi nilisikia harufu ya punda, na wali wa shughuli ukanishinda.

Mtanicheka, lakini kwetu Bagamoyo, nilipokuwa mtoto, hina ya Idi ilianza na punda ndipo ikaja kwetu wanawake. Baba alikuwa na banda la punda weupe wa Kimaskati, na kila siku ya pili ya Idi walishindana na punda wa mtaa wa juu kule ufukweni, maji yakishakupwa. Tuliwapaka hina mikiani, tukawavika hirizi. Idi baada ya Idi tulishinda sisi. Mtaa wa juu walituita wachawi, nasi vichwa vikatuvimba.

Baba akisimulia alisema "sisi", kumbe "sisi" yenyewe alikuwa mtu mmoja, Feruzi, mtumwa wake. Ndiye aliyewalea punda wale tangu wakinyonya, akawakimbiza kwenye mchanga laini ili miguu ikaze. Kimondo, aliyewapita wote kwa mbio, hakumkubali mpandaji mwingine. Baba mwenyewe alitupwa chini mbele ya wakwe zake, akainuka akisema ameteleza.

Mwaka mmoja Baba alimwahidi Feruzi mbele ya watu: Kimondo akishinda tena, atamwacha huru yeye na mkewe Zaina, mpishi wetu. Zaina akaanza kuimba jikoni. "Bi mdogo," aliniambia, "tutajenga kibanda Kerege, tulime muhogo wetu wenyewe."

Kimondo alishinda kwa mbali. Baraza yetu ikajaa watu, kahawa na halua, hata wa mtaa wa juu wakaja, pamoja na mgeni wao, tajiri mmoja wa Pangani. Mgeni akamsifu Kimondo, akarudia kumsifu. Kwetu mgeni akisifu kitu, mwenyewe husema ni chako, naye mgeni hujibu kimekaa mahali pake, mambo yakaishia hapo. Mtoto mdogo analijua hilo.

"Ni wako, bwana," Baba akasema.

Mgeni akaweka kikombe chini. "Nimepokea. Mungu akuzidishie."

Baba angeweza kucheka na kusema yale yalikuwa maneno ya adabu tu. Lakini mtaa wa juu wote ulikuwa unamkodolea macho, na Baba aliogopa aibu kuliko alivyomwogopa Mungu. Nasema hivyo ingawa ni baba yangu.

"Ila punda huyu bila mpandaji wake atanivunja kiuno," mgeni akaongeza.

"Basi Feruzi atakwenda naye." Alilitamka upesi, kama mtu anayemwongezea mgeni kipande cha halua.

Feruzi alikuwa amesimama pale pale, jasho la mbio halijamkauka. "Bwana, na ile ahadi?"

"Bwana wako mpya ni mtu wa dini," Baba alisema, akitazama kahawa yake. "Ataitimiza."

Waliondoka kabla ya alasiri. Nyumba ikaingia msiba. Baba alijilaza kitandani hataki kula, mama akafunga madirisha, na mimi nikalala kwenye majani ya banda nikimlilia Kimondo. Majirani walimiminika kutupa pole ya punda, na wote walipikiwa na Zaina. Nilimkuta jikoni macho mekundu, nikamwambia asilie, Baba atanunua punda mwingine.

"Ndiyo, bi mdogo," alijibu, akaendelea kukuna nazi.

Feruzi hakurudi, na ahadi ile sikuisikia tena ikitajwa. Miaka mingi baadaye nilifiwa na mume wangu. Wanawake walinizunguka, wakanikataza hata kuinua kata ya maji, kwa kuwa mfiwa hafanyi kazi. Hapo ndipo nilipomlilia Zaina. Nyumba yetu iliweka matanga ya punda, na mfiwa wa kweli tukamwacha jikoni atupikie.