Nyumba Isiyotoa Moshi

Mimi ni mwoga, na afadhali nikuambie mapema usije ukanitarajia ushujaa. Siku hizi nikienda nyumbani kwetu, juu kidogo ya Manyatta, sitazami mashamba ya chai wala mlima kama umejifunua. Natazama paa la jiko la zamani. Nikiona moshi unapenya kwenye mabati, napumua. Nisipouona, nakanyaga mafuta hata kabla sijajua kuna nini.

Hofu hii nilifundishwa na nyanya yangu, mama yake baba, bila yeye kukusudia.

Enzi hizo kila boma lilikuwa na jiko lake la mbao kando ya nyumba, jeusi kwa masizi, lenye harufu ya mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moto. Nyanya ndiye aliyeamka wa kwanza. Akishachochea kuni na kubandika uji wa wimbi, alitoka na leso yake mabegani, akasimama penye migomba na kutazama ng'ambo ya kijito. Hapo ndipo nilipomsikia akihesabu. "Kwa mwalimu wamewasha. Kwa fundi wamewasha. Kwa mama pacha wamewasha, huyo leo amechelewa." Mimi nilikuwa hapo nikisugua sufuria kwa majivu, na nilidhani ni umbea tu wa wazee.

Asubuhi moja ya Julai, kwenye ile baridi yetu ya kufa ganzi vidole, hesabu yake ilikwama. Aliirudia mara mbili. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akaniambia nivuke kijito nikamwangalie mama mzee wa ng'ambo, maana kwake hakukuwa na moshi.

Sasa, huyo mama mzee na nyanya walikuwa hawasemezani. Mbuzi wa mmoja alikula kabeji za mwingine, na maneno waliyorushiana siku ile siwezi kuyaandika hapa. Mwaka wa pili huo walikuwa wakipishana kanisani kila mmoja akitazama dari. Kwa hivyo nilijaribu kujiokoa.

"Si mmegombana, Cucu?" nilimwuliza nyanya.

"Nimegombana naye," alisema. "Moto wake sijagombana nao. Kimbia!"

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nakumbuka umande ukinilowesha mpaka magotini na ukungu ukifanya kila mgomba uonekane mtu amesimama. Nilipofika, kuku walikuwa bado wamefungiwa, wakikwaruza mlango wa banda lao, na yule mbuzi mwenye kesi alikuwa akilia kwa njaa. Mlango wa jiko ulikuwa umerudishiwa tu. Niliingia nikatia mkono kwenye majivu katikati ya mafiga, kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nayo yalikuwa baridi kabisa. Mpaka leo, rafiki yangu, sijui kitu kinachonitisha kuliko majivu baridi.

Mama mzee alikuwa ndani ya nyumba, kitandani, midomo imepasuka, macho yakizunguka bila kuniona. Nilipiga mayowe. Na zamani hizo mtu akipiga mayowe, watu walikuja na majembe yao mkononi bila kuuliza kwanza ni nani anayelia. Walimfunga kwenye kitanda chake, wanaume wanne wakambeba hadi zahanati. Ilikuwa nimonia. Muuguzi alisema angekaa mpaka jioni, hangepona.

Siku mama mzee aliporudi, nyanya aliteremka mwenyewe na makaa ya moto kwenye kigae, ameyafunika kwa majivu yasizimike njiani. Alimwashia moto, akambandikia uji, akaondoka. Hawakusemezana. Wala hawakusemezana mwaka mzima uliofuata, walivyokuwa wakaidi! Lakini tangu siku hiyo moshi wa ng'ambo ulikuwa wa kwanza kupanda kila asubuhi. Nyanya akiuona alisonya, kisha akaendelea na hesabu yake akiwa na raha usoni.

Sasa sikia nilichofanya mimi, msomi wa ukoo.

Nyanya alishaondoka duniani, baba pia, na mama alikuwa amebaki peke yake. Mimi nafanya kazi ofisini Meru mjini. Mama alipoanza kukohoa, daktari alisema ni moshi. Nikamjengea jiko la ndani lenye vigae vyeupe, nikamnunulia meko ya gesi. Nilikuwa nimesikia habari za wezi, basi nikazungusha ukuta wa mawe na kutia geti la chuma. Nikawaambia majirani, kwa adabu zote, kwamba mama anahitaji kupumzika. Mama alijivunia ile gesi mbele ya akina mama wa kanisa mpaka nikaona haya. Jiko la zamani likawa la majembe na kuku, na mimi nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Jumatatu moja jioni mama hakushika simu. Nikasema ameiacha kwenye chaji. Jumanne alfajiri hakushika, na saa moja hakushika. Nikaanza kutafuta mtu wa kumtuma akamwangalie. Nilipitia majina yote kwenye simu yangu: makanika, dobi, wakubwa na wadogo wa ofisini. Wa kijijini kwetu hakuwemo hata mmoja. Nilikaa kwenye kiti nikiangalia ile simu, kisha nikachukua ufunguo wa gari.

Safari siikumbuki. Nakumbuka tu nikiomba kwa sauti, nikisema, "Bwana, asiwe, asiwe," hata kumaliza sentensi naogopa.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nililigonga mpaka jirani akatoka kwenye shamba lake la chai, kikapu mgongoni. Huyu ndiye mkaza mwana wa yule mama mzee wa ng'ambo, aliyebaki na boma lile.

"Kwani mama hayuko kwako huko Meru?" aliniuliza. "Sisi tulisema umemchukua. Hiyo geti haijafunguliwa tangu jana."

"Na hamkumwita?" Nilimfokea, nakiri.

"Si ulisema asisumbuliwe?" alijibu polepole. "Na siku hizi moshi hakuna. Tungejulia wapi?"

Yeye ndiye aliyeleta ngazi, na ndiye aliyeishikilia nikipanda.

Mama alikuwa sakafuni jikoni, kwenye vile vigae vyangu vyeupe, amefumba macho. Unajua nilifanya nini kwanza? Niligusa sufuria ya chai juu ya meko. Ilikuwa baridi kama yale majivu. Nilishindwa kumgusa yeye, niliogopa mno. Halafu akafungua macho.

"Niliita," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tangu jana saa kumi naita. Huku ndani mtu hasikiki, mwanangu."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Pale hospitalini jirani alikaa nami kutwa nzima, na ndipo aliponiambia kwamba mama mkwe wake, mpaka anakufa, alikuwa akisimulia habari za msichana aliyevuka kijito.

Mama sasa anatembea kwa mkongojo. Geti nililing'oa. Chai anapika kwa gesi, lakini akishaiepua anajikongoja hadi jiko la zamani, anawasha vijiti vichache chini ya sufuria isiyokuwepo, kisha anakuja kukaa nje mbali na moshi. Daktari akijua atanigombeza. Nahofia kifua cha mama, ila nahofia zaidi asubuhi isiyo na moshi. Jirani akishauona hunipigia simu. "Kwenu wamewasha," anasema, na kukata.

Juzi nilisimama naye penye migomba ya nyanya tukatazama ng'ambo pamoja. Mabati ni ya rangi, nyumba ni nzuri, kuta ni ndefu. Mioshi tuliyoihesabu ilikuwa miwili tu, wa mama na wake. Watoto wake wako Nairobi, anaishi peke yake, na nilimsikia akikohoa.

Sasa kila asubuhi nakaa kitandani Meru, simu mkononi, nikingoja yale maneno mawili. Siku itakayopita bila simu kulia, sitajua ni moto wa nani uliozimika.