Fundi Asiyesimamiwa

Fundi cherehani wa mtaa wetu ni binti aliyewahi kufungwa kwa wizi. Tangu atoke, kila mteja humsimamia akikata kitambaa, asije akaficha kipande. Macho yakimzidi, mkono hutetemeka, nguo huharibika, na wateja wanazidi kumkimbia.

Jana nilimpelekea gauni la marehemu mke wangu, alipunguze limtoshe mjukuu. Ndilo pekee lililobaki.

“Babu, usibanduke hapo,” jirani yangu, aliyekuja na kitambaa chake cha kushonewa, akaniambia mlangoni. “Huyo ana mkono mrefu!”

“Mama, mimi naenda zangu kulala. Nikae nimfundishe kushona?”

Fundi akacheka. Hata kabla sijavuka kizingiti, akashika mkasi, akakata bila kutetemeka.

Jirani alimtazama kidogo, kisha akaweka kitambaa chake mezani.

“Haya, mwanangu. Nije lini?”