Waliokuja Kumtazama Saada

Saada Khatib aliwahi kuzalisha kwa mwanga wa tochi ya simu, aliwahi kuzalisha ndani ya gari iliyokwama topeni, na kwa miaka kumi na tisa ya ukunga sauti yake haikuwahi kukauka kwa kupiga kelele. Ilikuja kumkauka nyumbani kwao Tibirinzi, Pemba, mwaka wa korona, akiwa amejifungia katika chumba cha uani, akiwafukuza watu waliompenda.

Mambo yalianzia kazini. Kituo chake cha afya kilikuwa kidogo, upande wa kuendea Wesha: vitanda viwili vya kuzalia na sinki moja la kunawia. Barakoa zilikuja kidogo kidogo, na ya leo mtu aliitunza kwa ajili ya kesho. Saada alikuwa amechoka kuulizwa na wagonjwa, "Daktari, mbona wajiziba? Twanuka?" Alikuwa amechoka zaidi na swali alilopaswa kuwauliza yeye: "Una homa? Unakohoa?" Jibu lilikuwa moja kwa wote: hapana. Aliyesema ndiyo alipelekwa chumba cha nyuma, peke yake, na habari zake zilifika mtaani kabla hajavua viatu. Kwa hivyo watu walikohoa nje, getini, wakamaliza, ndipo wakaingia.

Mardhiya naye alikohoa getini. Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Asya, uchungu umeshakolea. Saada alipouliza, Bi Asya ndiye aliyejibu.

"Hana kitu, mwanangu. N'vumbi la gari tu."

Lakini uchungu haumwachii mtu nafasi ya kuficha. Mtoto alipokuwa anatoka Mardhiya alishikwa na kikohozi kisichokatika, na Saada alikuwa ameinama mbele yake, mikono yote miwili kazini, barakoa imelowa jasho na kumgandama puani. Angefanya nini? Ageuze uso, amwachie mtoto aanguke? Alibaki pale pale. Mtoto alitoka salama, wa kike, mwenye sauti kali. Mardhiya akamshika mkunga wake mkono, akasema kwa aibu, "Nisamehe. Siku ya nne hii naumwa. Waliniambia n'sitaje."

Siku tano baadaye Saada alifungua chupa ya jiki asafishe meza, akahisi kuna kitu kimepungua. Akaisogeza puani. Akavuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote, kana kwamba chupa ile ilikuwa na maji ya mvua.

Himid, mkuu wa kituo, alimpima na majibu hayakumshangaza mtu. "Hujazidiwa," alimwambia, akiwa amesimama mbali. "Kakae nyumbani wiki mbili, usichanganyike na watu."

Usichanganyike na watu! Saada alicheka njia nzima, kicheko cha hasira. Himid ni mtu wa Unguja mjini. Hajui kwamba Pemba mtu akiugua ndipo anapochanganyika na watu kuliko siku zote za maisha yake.

Nyumbani alikuwa akiishi na mdogo wake Khairat na mama yao, Bi Mwanaasha, mwenye umri wa miaka sabini na mbili na pumu ya tangu utotoni. Saada ndiye aliyekuwa akimnunulia pampu, na mwaka uliotangulia alimkalia kitako siku tatu hospitali akimwangalia mbavu zake zinavyoingia ndani kwa kila pumzi. Hofu yake ilikuwa moja tu. Hakuhofia nafsi yake, kwa kuwa alijihisi kama mwenye mafua mabaya. Alihofia zile mbavu.

Kwa hivyo akahamia chumba cha uani, palipokuwa pakiwekwa kuni na nazi. Sahani yake mbali, kikombe chake mbali, choo cha nje cha peke yake. Khairat akimwekea chakula mlangoni na kurudi nyuma. Siku ya kwanza Saada alilala akijipongeza kwamba mipango yote imekamilika.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, akasikia hodi. Alikuwa Bi Mize, jirani, na nyuma yake wanawake watatu wenye mikoba ya ukili. Walikuja moja kwa moja mpaka dirishani.

"Wambaje, mwanangu? Tumekuja kukutazama."

"Bi Mize, tafadhali rudini. Ugonjwa huu unaambukiza."

"Turudi? Tumetoka makwetu kuja kumtazama mgonjwa, tutarudije hatujamtazama?"

"Basi si mmeshaniona?"

"Kwa dirishani! Kwani wewe n'mwari, wachezwa unyago?"

Wakacheka wote wanne, na Saada, Mungu amsamehe, naye alikaribia kucheka. Lakini mlango hakuufungua. Bi Mize akashusha pumzi ya mtu aliyevunjiwa heshima akaamua kustahamili. "Haya. Kama mgonjwa hatutaki, tukakae na mama yake tumliwaze."

Na ndivyo walivyofanya. Mkeka ukatandikwa, chai ikachemshwa, na Bi Mwanaasha akakaa katikati yao, bega kwa bega, akisimulia tangu chupa ya jiki. Saada aliyaona yote kupitia dirisha lake dogo. Mlango aliojifungia kumkinga mama yake ndio uliowapeleka watu wote mapajani mwa mama yake.

"Khairat! Wasogeze! Waambie wavae barakoa!"

"Nimewaambia, dada. Wamesema wanazo majumbani."

Wageni walipoondoka alizungumza na mama yake, yeye dirishani, mama katikati ya uwanja.

"Mama, nakuomba. Funga mlango wa mbele. Wiki mbili tu."

"N'wafungie watu mlango? Alipokufa baba yako nani alinikalia humu siku saba? Mize. Nilipolazwa mie nani akikuleteeni uji? Mize huyo. Leo n'mfungie mlango, halafu siku yangu ikifika nani atakuja kunikosha? Hawa wenye barakoa?"

"Wewe una pumu, mama."

"Nnayo tangu sijakuzaa."

Siku ya tatu walikuja wa Bi Mize na wengine wa mtaa wa pili. Siku ya nne walikuja wafanyakazi wenziwe wawili kutoka kituoni, watu waliosoma, wanaofundisha wajawazito namna ya kunawa mikono, nao wakaketi mkekani wakala mkate wa kumimina. Saada alipowapigia simu kutoka chumbani, wakiwa hatua kumi tu kutoka kwake, mmoja alinong'ona, "Dada, tungepita bila kuingia wangetuonaje?" Siku hiyo ndiyo sauti ilipomkauka.

Siku ya tano, asubuhi, alikuja mwanamke mmoja peke yake, na bakuli la uji wa pilipili manga limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Saada hakumtambua mpaka aliposikia sauti yake.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Bi Asya. "Mkwe wangu na mtoto hawajambo, kwa rehema za Mungu na kwa mikono yako. Mie ndiye niliyemkanya asiseme. Nimeshindwa kulala."

Na palepale Bi Asya akamgeukia Bi Mwanaasha aliyekuwa ametoka kumpokea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu, akakaa naye goti kwa goti. Kisha akakohoa. Alikohoa kikohozi cha kutoka chini, mara tatu, mara nne, kitambaa cheupe kikiwa juu ya bakuli badala ya mdomoni.

"Bi Asya, ondoka hapo!" Saada alipiga kelele kwa sauti iliyotoka kama mlango wenye kutu. "Unaumwa!"

"Siumwi, mwanangu. N'vumbi la gari."

"Gari gani? Umekuja kwa miguu!"

"Saada!" Mama yake alisimama, ametahayari. "Mgeni huyu! Amekuja kukuomba radhi, nawe wamfokea kama mbuzi aliyeingia kondeni?"

Saada akakaa juu ya rundo la nazi. Hakuwa na hasira na Bi Asya, na hilo ndilo lililomuumiza. Mwanamke yule alikuwa amekuja kwa moyo safi kabisa, kama wote waliotangulia. Hakuna aliyemtakia mabaya. Angejua la kufanya na mtu mbaya.

Akavaa barakoa mbili na kumpigia Himid.

"Nataka kitanda, kile chumba cha nyuma."

"Umezidiwa?"

"Nimezidiwa na wageni."

Gari ya wagonjwa ilikuja kabla ya adhuhuri na mtaa mzima ukatoka kuitazama. Bi Mwanaasha alisimama mlangoni na kanga mdomoni, si kwa kujikinga, kwa kulia. "Watu watasema nimekutupa," alisema. "Watasema mwanangu alikuwa na mama, akaenda kuugulia peke yake."

"Waseme, mama. Khairat, ukimsikia anapumua kwa sauti nipigie saa hiyo hiyo."

Chumba cha nyuma kilikuwa na vitanda vinne, vitatu vitupu. Kwa miezi Saada alikuwa akiingia humo mbio na kutoka mbio, akijikagua mikono, akiamini hapo ndipo mauti yanapongojea wafanyakazi. Sasa alilala hapo mchana kutwa na hakuna aliyebisha hodi. Watu waliopita njiani walivuka upande wa pili walipolifikia jengo lile. Bi Mize alituma salamu, hakuja. Na kwa kuwa Tibirinzi hakukuwa tena na mgonjwa wa kutazamwa, mkeka ulikunjwa na mlango wa mbele ukabaki umerudishiwa bila mtu kuufunga. Lakini Bi Asya alikuwa ameshakuja na kuondoka, na hilo halikuweza kurudishwa. Saada alihesabu siku. Kila simu ilipolia alitazama kwanza jina.

Siku ya tisa tangu ahamie chumba cha nyuma, jina lililotokea lilikuwa la mama yake mwenyewe, asiyependa kupiga simu.

"Saada, umeniharibia nyumba yangu, tangu uondoke hapana mtu anayepita, si Mize, si mwanawe, si wale wa mtaa wa pili, nakaa na Khairat tunatazamana kama kuku wawili, na chai nachemsha namwaga, na juzi nimesikia wanasema mie n'mchoyo ndiyo maana nikakupeleka huko, mie mchoyo, mie niliyewalisha wote hawa…"

Saada alikuwa ameketi kitandani, simu imemgandama sikioni. Maneno alikuwa hayafuati. Alikuwa akisikiliza kile wakunga na wauguzi wanachokisikiliza kwa mtu wa pumu: wapi sentensi inakatika, mtu akaomba pumzi, akaendelea neno moja moja. Haikukatika popote. Ilikwenda moja kwa moja, ndefu, kali, imejaa hewa mpaka mwisho, na mwisho wake ukaunga nyingine.

"Wanisikia?" aliuliza Bi Mwanaasha.

"Nakusikia, mama," alisema Saada, na machozi yakaingia ndani ya barakoa. "Na jengine?"