Nilivyokwenda Baraka Kumchukua Feza

Mama yetu alipofariki, wajomba walikutana kwangu Uvira wakaamua kwamba dada yangu Feza atolewe Baraka, aje kuishi nami. Feza ana miaka thelathini na miwili. Alizaliwa na hali ambayo madaktari huita trisomia. Ulimi wake ni mzito, na jambo jipya hulishika polepole. Mke wangu alisafisha chumba cha nyuma. Mimi, mkubwa wake, nikatumwa kumleta.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki ya kukodi, mimi na dereva wake, ziwa likiwa kushoto, milima kulia. Makobola tulikunywa chai. Kupita Mboko, mvua ilikuwa imekula barabara, tukashuka, tukasukuma. Nundu ilikuwa siku ya soko na tulipita kwa shida kati ya mafungu ya mihogo.

Saa nane nilifika Baraka, kwa mama mdogo Mariamu, aliyebaki na Feza tangu mazishi.

"Feza iko wapi?" nikauliza.

"Ku ziwa. Anaanika ndagala na bamama."

Nilimkuta mchangani na wanawake wapatao kumi. Alikuwa akigeuza dagaa kwa ufagio mdogo. Mmoja wao alipomwaga beseni zima mahali pamoja, Feza alimkemea: "Tandaza! Itaoza." Yule mama akacheka, akatandaza.

Jioni, tukiwa tunakula ugali, nilimweleza kwamba kesho kutwa tutasafiri pamoja.

"Nani alisema?"

"Familia."

Akaweka tonge chini. "Na mi, siko mu famille? Mi siendi."

Mama mdogo aliangalia sahani yake.

Siku ya pili kulikuwa na ndoa kwa jirani. Feza alivaa kitenge cha sare kama wanawake wenzake wa kanisa. Alizunguka na birika, akinawisha wageni mikono, wazee kwanza. Ngoma ilipoanza, aliingia kwenye mstari, akikosea hatua kidogo, akiendelea. Nilitazama watu: hakuna aliyegeuka kumshangaa. Mzee mmoja alimwita kwa jina, akamwomba maji.

Baadaye alikuja kukaa karibu nami, jasho likimtoka. Huniita Yaya, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

"Yaya, ku ndoa yako mi sikukuwa."

Ni kweli. Miaka tisa iliyopita tulimwacha kwa jirani mchana kutwa ili wakwe wasimwone. Wazo lilikuwa langu. Nilidhani hakuelewa.

"Tulikukosea," nikasema.

"Ndiyo," akajibu. Kisha akaenda kujaza birika.

Alasiri ile nilimpigia simu mjomba mkubwa, nikamwambia Feza hataki kuhama.

"Tangu lini mutoto anaamua?" akauliza.

"Si mtoto, mjomba. Zungumza naye mwenyewe."

Nilimpa Feza simu. Aliishika kwa mikono miwili, akasikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa. "Apana, mujomba," akasema. "Mi nabakia. Kazi yangu iko hapa. Bamama beko hapa. Yaya atakuya kunisalimia." Akanirudishia simu. Mjomba akaniambia nimwombe mama mdogo aendelee kukaa naye. Mama mdogo alisema hakuna haja ya kumwomba.

Asubuhi ya tatu nilirudi peke yangu. Feza alinifungia dagaa kwenye mfuko, akaniaga haraka. Jua lilikuwa limetoka na wenzake walikwisha kushuka ziwani.

Uvira, mke wangu alisimama mlangoni akitazama nyuma yangu. Nilimweleza yote, na habari ya ndoa yetu pia, maana hakuwahi kujua. Akasema angependa kwenda Baraka kumwona. Nikamjibu kwamba nitamwuliza Feza kwanza ni lini ana nafasi. Nimekuwa kaka yake kwa miaka thelathini na miwili, na sikuwa nimewahi kumwuliza kitu.